Mazungumzo ya Nyumbani: Jembe la Hiari na Jembe la Kipande

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mbegu za mahindi zisiharibiwe na wadudu, nami naliahidi kwamba mwezi huu tutaendelea na habari za ghala. Nawaomba radhi. Habari za ghala zitangoja, maana liko jambo lililoanza mwaka jana katika nyumba ya jamaa yangu, na mwezi huu limefika mwisho wake, nami naona lafaa kuelezwa kwanza. Labda jambo hili limekwisha kubisha hodi katika nyumba zenu pia. Kama bado, yamkini litabisha kesho.

Siku moja ya mwezi wa Septemba umbu langu alifika kwangu hapa Njombe kwa basi la asubuhi kutoka Makambako. Ninyi mwijuao nchi yetu mwafahamu kwamba toka Makambako hata Njombe ni kama kilometa 60 tu, wala si safari ya kutisha mtu. Lakini umbu langu hana desturi ya kuacha biashara yake ya viazi pale njia panda siku ya kazi, hata kwa msiba mdogo. Basi nalipomwona mlangoni nalijua kwamba kuna neno. Hakuketi. Hakutaka chai. Akafungua fundo la khanga yake, akatoa simu, akanionyesha picha, akasema, "Kaka, tazama. Mtoto niliyempeleka kusoma analima."

Nikatazama. Mpwa wangu alikuwa amesimama katikati ya mizabibu, viatu vimejaa udongo, begani amechukua sanduku la zabibu, naye anacheka. Kijana huyu yuko Italia kwa miaka mitatu sasa, anasoma elimu ya uchumi katika chuo kikuu. Wafadhili wanalipa ada, lakini nauli na nguo na mambo mengine yote yalitoka katika viazi vya mama yake, na katika ng'ombe wawili walioachwa na marehemu baba yake.

Nikamwuliza umbu langu, "Wanamlipa nini?"

Akajibu, "Hawamlipi kitu. Anapewa chakula na kitanda, basi. Baba yetu alilima kwa kipande, walau alirudi na shilingi. Huyu wangu amesoma miaka yote hiyo ili alime bure kwa Wazungu?" Kisha akalia.

Imenipasa kuwaeleza habari za baba yetu, ili mkifahamu kilio kile. Mwaka 1952, alipokuwa kijana mwenye mke mchanga, baba yetu alikwenda Tanga kukata mkonge. Siku zile chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na idara yake iitwayo SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944 kwa kazi ya kukusanya watu wa nchi za mbali na kuwapeleka mashambani. Wabena wengi walikwenda, na watu wa makabila mengine ya nyanda hizi pia. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Alipewa na kipande, yaani karatasi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Na siku haikuhesabiwa mpaka kazi yote iliyopimwa imekwisha. Aliyeshikwa na homa katikati ya kazi, au aliyepungukiwa na mafungu machache ya majani, siku yake ilipotea kana kwamba hakuamka. Baba alitusimulia haya mara nyingi jioni karibu na moto, na kila alipomaliza aliitazama mikono yake, akasema, "Jembe si baya, wanangu. Kibaya ni kipande." Sisi tulikuwa watoto, maneno tuliyasikia, maana yake hatukuishika.

Basi tukampigia kijana simu, umbu langu na mimi, simu imewekwa juu ya meza kati yetu. Mama hakumwuliza habari za masomo wala za afya. Alimwuliza hivi: "Mwanangu, pasi yako ya safari iko wapi?"

"Iko mfukoni mwangu, mama."

"Chumba unacholala hufungwa kwa ndani au kwa nje?"

Kijana alicheka kidogo, kisha akatambua kwamba mama yake hafanyi mzaha. Akasema, "Kwa ndani, mama. Ufunguo ninao mimi."

"Ukitaka kuondoka kesho?"

"Nitawaaga, nitakwenda zangu. Gari moshi hupita kule bondeni asubuhi na jioni."

"Na chakula, unakula na nani?"

"Meza moja na wenyeji, mama. Mzee wa nyumba ndiye anayenikatia mkate."

Umbu langu akanyamaza kitambo. Ndipo akavuta kiti, akaketi, akanywa chai.

Ndugu wasomaji, nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu ya ualimu, lakini sijaona maswali manne yaliyo bora kuliko yale ya mwanamke yule, ambaye hakupita darasa la saba. Tutayarudia mbele.

Siku chache baadaye kijana alituletea barua ndefu kwa njia ya simu, akitueleza mambo yale kwa taratibu. Nitawapa kwa ufupi yaliyo ya faida.

Kwanza, asili ya desturi ile. Mwaka 1971 mwanamke mmoja wa Uingereza, Sue Coppard, aliyekuwa katibu wa ofisi mjini London, alitamani kutoka mjini na kugusa udongo, lakini hakuwa na shamba wala jamaa mwenye shamba. Akapatana na watu wa shamba moja la chuo kiitwacho Emerson, katika wilaya ya Sussex, kwamba yeye na wenzake wachache watakwenda mwisho wa juma kuwasaidia kazi, nao watapewa chakula na mahali pa kulala. Shamba lile lililimwa bila mbolea za viwandani wala dawa za sumu. Wenyeji walipendezwa, wageni walipendezwa, na habari zikaenea. Sasa desturi hii inajulikana kwa jina la WWOOF, nayo imefika katika nchi zaidi ya 100, Italia ikiwamo. Mgeni hujiandikisha, huchagua shamba, huandikiana na mwenyeji kabla ya kwenda. Hufanya kazi kwa kawaida saa 4 hadi 6 kwa siku. Mwenyeji humlisha, humlaza, na kumfundisha. Fedha haitoki mkono huu kuingia mkono ule.

Pili, shamba lenyewe. Mpwa wangu alikwenda katika nchi ya Toscana, nchi ya vilima, kabla ya masomo kuanza tena. Shamba ni dogo, la mzee mmoja na mkewe. Wana mizabibu, mizeituni, bustani ya mboga, kuku, na mizinga ya nyuki. Walianza kazi alfajiri, umande ukiwapo bado, wakikata vishada kwa mkasi na kuvipanga katika masanduku taratibu zisipondeke. Jua lilipokuwa kali waliacha. Mchana walikula pamoja. Alitushangaza kwa neno moja: mkate wa nchi ile hautiwi chumvi. Wageni wengine hulalamika, lakini yeye alisema, "Ugali nao hautiwi chumvi, nikajiona niko kwetu."

Tatu, namna ya kulima. Wengi wetu husikia maneno kilimo hai tukadhani ni kupanda mbegu na kuachia mvua. Sivyo hata kidogo. Kijana aeleza kwamba baada ya mavuno hupanda kati ya mistari ya mizabibu maharagwe makubwa na mimea mingine ya jamii ya kunde. Yakiisha kuchanua hawayavuni. Huyakata, wakayalaza udongoni yaoze, nayo huwa chakula cha mizabibu. Samadi ya kuku haitupwi shambani ikiwa mbichi, bali huchanganywa na majani na kuachwa katika lundo, na lundo hupinduliwa mpaka limeiva. Ukungu ukija, huruhusiwa kunyunyiza dawa ya shaba iliyochanganywa na chokaa, lakini kwa kipimo kilichowekwa na sheria. Na mwenye shamba la mizabibu au mizeituni anayeacha dawa za viwandani hungojea miaka 3 kabla ya kuruhusiwa kuuza mazao yake kwa alama ya kilimo hai ya nchi za Ulaya. Miaka 3 ya kazi nyingi na bei ile ile ya zamani! Kwa hiyo kazi hii yataka mikono na subira, nayo mikono ndiyo iliyopungua katika vijiji vya Italia.

Kwa nini imepungua? Hapo ndipo barua iliponigusa. Kijana asema jioni moja mzee alimwonyesha nyumba ya mawe, akamwambia kwamba baba yake alizaliwa humo, lakini haikuwa yake, wala shamba halikuwa lake. Katika nchi ile palikuwa na desturi ya kale: bwana alitoa ardhi, mkulima na jamaa yake wote walitoa jasho, na mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Bwana alikaa mjini. Nusu yake ililetwa. Mwaka 1964 serikali ya Italia ilikataza kufanya mapatano mapya ya namna hiyo. Lakini vijana wengi hawakungoja sheria. Walikwisha kukimbilia viwanda na miji, kwa maana jembe lilikuwa limewanukia utumwa. Mzee alisema kwamba alipata ardhi ile kwa shida baadaye, akaapa kwamba mtu yeyote atakayeshika jembe katika shamba lake atakula mezani pake. Mpwa wangu naye akamsimulia habari za babu yake na kipande cha mkonge. Asema mzee hakujibu neno. Alimmiminia kinywaji cha zabibu, wakakaa kimya mpaka giza likaingia.

Sasa nafika mahali pagumu. Ukurasa wa mwisho wa barua ile uliandikwa kwangu mimi, si kwa mama yake. Kijana aliandika hivi: "Mjomba, unisamehe. Siku ya kwanza mzee aliponipa jembe nilinyamaza, kwa sababu moyo wangu uliuliza: nimekosa nini? Tangu darasa la kwanza sikupata kupewa jembe ila nilipokosa. Nawe ndiwe uliyenipa."

Naliweka simu chini. Naliwaza siku ile yote, na usiku wake.

Ni kweli. Kijana huyu alisoma katika shule niliyofundisha. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya mafundisho, watoto wapange, wapande, wahesabu, wavune, na kuamua pamoja matumizi ya mavuno. Sisi walimu wengi tulilichukua shamba lile tukaligeuza gereza dogo. Aliyechelewa, jembe. Aliyesahau daftari, jembe. Aliyesema Kibena darasani, jembe. Na mtoto aliyefanya vema alipewa nini? Aliruhusiwa kuketi kivulini na kitabu. Kisha tukasimama mbele ya wazazi, tukasikitika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kilimo! Sisi wenyewe tulikuwa tumewafundisha, kila juma, kwa miaka saba, kwamba jembe ni la wakosaji. Nasi hatukuwafundisha kwa ubao. Tuliwafundisha kwa mikono yao, na fundisho la mikono halifutiki upesi.

Nalificha ukurasa ule kwa siku mbili. Siku ya tatu nalishuka Makambako, nikamsomea umbu langu neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kaka, baba alisema kibaya ni kipande. Nawe ulikuwa unawagawia watoto vipande." Sikuwa na jibu.

Lakini, wapendwa, nisiwadanganye mkadhani kwamba kila shamba la Ulaya ni meza ya mzee yule. Katika nchi ile ile ya Italia, hasa katika mashamba makubwa ya nyanya na matunda ya upande wa kusini, wako watu waliotoka Afrika na Asia wanaochuma kutwa kwa ujira mdogo, chini ya wasimamizi wanaowakusanya, kuwapakia magarini, na kukata sehemu ya malipo yao. Mwezi Agosti mwaka 1989 Jerry Masslo, kijana aliyekimbia ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliuawa katika mji mdogo wa Villa Literno na wanyang'anyi waliovamia kibanda walimolala wachuma nyanya. Kifo chake kiliwaamsha Waitalia wengi, wakaandamana. Mwaka 2016 nchi ile ilitunga sheria namba 199, imhukumuyo msimamizi wa namna hiyo pamoja na mwenye shamba anayemtumia. Hata hivyo uovu haukwisha. Kwa hiyo mama aliyelia kwangu hakulia kwa ujinga. Alijua kwamba kuna mlango unaofungwa kwa nje.

Basi mwana wenu akialikwa kwenda kufanya kazi ya kujitolea shambani, iwe Italia, iwe Morogoro, iwe kwa tajiri wa kijiji cha pili, msiseme upesi "nenda" wala "usiende". Ulizeni kwanza. Pasi yake au kitambulisho chake kitakaa kwa nani? Akikaa kwa mwingine, asiende. Ufunguo wa chumba utakuwa kwa nani? Akitaka kuondoka kabla ya siku, je, anaweza, na nauli ya kurudia anayo mwenyewe? Atakula na nani? Nami naongeza mawili juu ya yale ya umbu langu. Saa za kazi ni ngapi, na zimeandikwa mahali? Na mwisho, atarudi akijua nini ambacho sasa hajui? Mwenyeji asiyeweza kujibu swali hili la mwisho anatafuta kibarua wa bure. Na kwa safari ya nchi za nje, kijana aulize ubalozini mapema kama ruhusa yake ya kuingia inamruhusu kufanya kazi ile. Asitegemee neno la mtu wa mtandaoni wala la wakala anayetaka fedha kwanza.

Yamkini msomaji mmoja atasema, "Mwalimu, kwani lazima mtu avuke bahari ili ajifunze kushika jembe kwa hiari?" La, si lazima. Wazee wetu Wabena walikuwa na mgowe. Mtu mwenye shamba lililomshinda aliwaita jirani, wakaja na majembe yao, wakalima kwa nyimbo tangu asubuhi, na jioni wakala na kunywa kwake. Katika nyumba nyingi za Kikristo pombe iliachwa, ikawekwa togwa. Hapakuwa na kipande. Aliyekuja leo aliendewa kesho. Je, desturi ya WWOOF si binamu wa mgowe? Tofauti ni kwamba wao wameandika majina na kuvuka mipaka, na sisi, siku hizi za parachichi na viazi vya biashara, tumeanza kuhesabu kila tuta kwa shilingi, hata mjane hawezi kupata mkono wa jirani ila kwa fedha.

Wala habari ya Waitalia kujitolea si ngeni katika nchi hii. Wazee wa Matembwe watawaambia juu ya chama cha CEFA, kilichoanzishwa Bologna mwaka 1972, ambacho watu wake waliishi pale, wakaweka pamoja na wanakijiji mtambo wa umeme wa maji katika miaka ya 1980. Baadaye, katika miaka ya 2000, chama hicho kilisaidia kuanzisha kiwanda cha maziwa mjini Njombe, na jibini za namna ya Kiitalia zikatengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa wakulima wetu. Na masista wa Imiliwaha, ambao wengi wenu mmeyaona mashamba yao, wanafuata kanuni ya Benedikto wa Norcia, mtu wa Italia wa karne ya 6, aliyeweka saa za kazi ya mikono katika kila siku ya watawa wake, awe mwana wa mkuu au mwana wa maskini. Kwa hiyo jembe limekwisha kwenda na kurudi kati ya vilima vile na vilima vyetu kwa muda mrefu.

Sasa nimalizie habari ya umbu langu, maana najua akina mama watauliza. Mwezi wa Oktoba mwaka jana, kwa maelekezo ya mwanawe kwenye simu, alifanya lundo la mboji: mabua ya mahindi, majani, majivu, na samadi ya ng'ombe wa jirani. Mvua zilipoanza alipanda viazi, nusu ya shamba kwa mboji, nusu kwa mbolea ya dukani kama kawaida yake. Nitasema kweli, maana ukurasa huu haukuwekwa kwa kusifia vitu. Nusu ya dukani ilitoa magunia saba. Nusu ya mboji ilitoa matano. Ukungu ulipiga pande zote mbili. Jirani wakacheka. Lakini umbu langu ni mfanya biashara. Aliketi na kalamu. Alipotoa deni la mbolea katika yale magunia saba, aliona kwamba faida ya pande mbili inakaribiana, na upande wa mboji hakudaiwa na mtu. Amesema mwaka huu ataongeza lundo la pili, na pia atapanda maharage kwa zamu baada ya viazi, maana viazi juu ya viazi huchosha udongo na kufuga magonjwa. Hakusema kwamba ameacha mbolea ya dukani. Alisema, "Ninajaribu." Nami naona neno hilo ni la hekima kuliko kuapa.

Mwezi Agosti mwaka huu kijana alikuja likizo. Hakukaa mjini. Alishuka bondeni kwenye vinyungu vya mama yake, akaita vijana saba wa jirani, watatu wao wahitimu wa kidato cha sita wasio na kazi. Walilima siku tatu kwa mama yake, kisha siku tatu kwa mjane mmoja wa mtaa ule, na mjane aliwapikia. Sheria yao ilikuwa moja tu: hakuna anayelazimishwa, na kila jioni mmoja awafundishe wenzake jambo analolijua. Mmoja alifundisha hesabu ya faida, mwingine kutengeneza simu, na mjane akafundisha kuchagua mbegu ya viazi. Wawili waliacha siku ya pili, hawakusemwa vibaya. Watano walimaliza, nao wamepatana kuendelea kila Jumamosi.

Nami nalikwenda siku ya mwisho. Nalimwomba mpwa wangu msamaha mbele ya wenzake, kwa kuwa wanne kati yao pia walipita mikononi mwangu. Hakusema mengi. Alinipa jembe, akanionyesha tuta langu, akasema, "Mjomba, anzia hapa." Nalilima mpaka adhuhuri, na mgongo uliniuma kwa juma zima.

Basi ninyi walimu wenzangu mlio bado kazini, nawasihi neno moja. Kesho asubuhi mtoto atachelewa, na mkono wako utataka kuelekeza penye majembe. Uzuie. Tafuta adhabu nyingine, au mwonye kwa maneno. Kisha siku ile ile, mchukue mtoto aliyefanya vizuri kuliko wote, umwambie, "Wewe leo utanisaidia kupanda mche huu wa parachichi, nao utakuwa wako mpaka umalize shule." Nanyi wazazi, msimwambie mtoto mvivu wa kusoma, "Utaishia kulima." Ninyi mmemlisha kwa kulima, mnamtukania chakula chake mwenyewe. Na mtoto akitaka kwenda kujitolea, mwulizeni yale maswali; majibu yakiwa mema, mpeni baraka, na mkate wa njiani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hiyo ni ya kumfukuza mgeni. Sasa mimi naisoma kwa njia nyingine: mgeni aliyepewa jembe si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumbani, ilmradi jioni meza iwe moja.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye habari za ghala. Wenye maswali juu ya mboji waandike. Umbu langu amekubali kujibu, maana lundo ni lake.